Mwaka wa Picha za Kihindi

Tulimzika mume wangu Eliamani siku ya Jumanne, na kufika Jumanne iliyofuata watu wote walikuwa wameshaondoka, maturubai yameshushwa, masufuria makubwa yamerudi kanisani, migomba iliyokanyagwa inaanza kusimama tena. Akabaki Neema, mjukuu wangu, ambaye wenzake walimwachia kazi ya kunilinda. Kunilinda na nini sijui, hawakuniambia. Mimi nilikuwa sijalia. Sikulia hospitalini, sikulia kaburini, na watu walikuwa wameliona hilo. Shemeji yangu alinijia mbele ya wageni akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Shemeji, lia kidogo basi, watu wataona vibaya." Nikamwambia, "Waone." Si kwamba nilikuwa najikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: unajua upo, unauona, lakini ukiugonga hausemi.

Neema ana kompyuta ndogo, na ndani yake ana tamthilia za Wakorea za mapenzi. Alinifungulia akidhani zitanichangamsha. Zimetiwa Kiswahili na mwanaume mmoja ambaye anasemea watu wote, baba, mama mkwe, bibi arusi, na hata mtoto mchanga akilia yeye anatuarifu kwamba mtoto analia. Nimeziangalia tatu mpaka mwisho na ninayo ya kusema. Chakula chao nakikubali: vibakuli vidogo vingi, watu wanakula wametulia. Nyumba zao ni safi, viatu vinaachwa mlangoni. Lakini mama wakwe wao siwaelewi. Kila tamthilia lazima mama mkwe ammwagie msichana maji usoni. Mimi nimekuwa mama mkwe mara nne, na maji yetu yalitoka mtoni kichwani. Ya kummwagia mtu usoni angeyateka nani? Halafu huyo mwanaume anayependwa, tajiri, nywele zimeshuka mpaka kwenye macho, anamshika msichana mkono anamburura barabarani, na Neema anaguna kwa raha. Nikamwambia, "Huyo ukimpeleka kwa balozi wa nyumba kumi atajibu nini?" Na wanavyotazamana! Wanatazamana, muziki unapigwa, uji unaweza kuchemka ukamwagika ukazima moto bado wanatazamana. Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni kunyamaza. Msichana anampenda kijana, kijana anampenda msichana, sisi tunajua, dereva wao anajua, na hawasemi. Sehemu kumi na sita. Neno lenyewe lingesemwa sehemu ya pili, watu wakaendelea na kazi.

Katika ile ya tatu msichana alikaa mezani, wazee wa pande mbili wanapanga ndoa yake na mtu mwingine, naye anatazama mlango tu. Neema alikuwa analia mpaka kamasi. Akanigeukia, "Bibi, kwani wewe huna moyo?" Nikamjibu, "Ninao, daktari aliusikiliza mwezi jana." Akacheka huku analia. Akasema, "Haya, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Nikasema, "Ningesema." Nilisema haraka, kama mtu anayejua. Kesho yake nikamtuma dukani akaninunulie daftari. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayesoma avumilie mwandiko. Nilimdanganya Neema, na sipendi kudanganya watoto.

Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Nilikuwa nimefika umri wa kuolewa na nilikuwa Moshi mjini, yaya katika nyumba ya Wahindi wenye duka la vitambaa. Walikaa juu ya duka. Chumba changu kilikuwa uani, karibu na bomba, na kilinuka sabuni na pilipili za kukaangwa. Nilimlea mtoto wao wa mwisho, Kishan, mzito kama gunia la kahawa, haendi mahali mpaka abebwe. Mama yake nilimwita Mama Kishan. Bibi yake wote walimwita Ba, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Jikoni kwao nililia mara moja tu, ile siku ya kwanza kukata vitunguu vyao. Walikula chapati nyembamba na dengu na maziwa mgando, hawakula nyama kabisa, nami kila nilipopanda nyumbani Machame mama alinitazama mashavu akauliza kama wananinyima. Mezani walizungumza lugha yao, lakini mwaka ule kulikuwa na maneno yaliyotoka ndani yake kama mawe kwenye mchele: Azimio, benki, pasipoti. Likitajwa pasipoti, baba wa nyumba aliacha kula. Ba alikuwa anapiga meza kwa kidole na kusema kitu kifupi, wakanyamaza. Sikuuliza. Mimi kazi yangu ilikuwa Kishan.

Kila Jumapili mchana walikwenda kuangalia picha, na kwa kuwa Kishan hakukubali mtu mwingine ambebe, nami nikaenda. Hivyo ndivyo msichana wa Kilutheri aliyetakiwa awe kanisani alivyoziona picha za Kihindi mwaka mzima. Tulikaa Ba, mimi na mtoto kwenye viti vya pembeni ili akilia nitoke naye. Watu walikula karanga, wakaimba na waimbaji, wakamtukana jambazi kwa Kihindi na Kiswahili. Ba ndiye aliyenifasiria, kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Huyu mwanaume nataka ile msichana. Baba ya msichana nakataa." Halafu wanaimba mlimani. "Sasa baba napa yeye mtu ingine, tajiri, tumbo kubwa." Halafu wanaimba tena, peke yao, kwa huzuni. Kila picha ilifika pale pale: msichana amevikwa nyekundu, moto wa kufungia ndoa umewashwa katikati, anazungushwa kuuzunguka na yule asiyemtaka, raundi ya kwanza, ya pili, na yeye kimya, macho mlangoni. Mara ya kwanza nilishindwa kuvumilia. Nikasema, "Ba, kwa nini hasemi? Ana mdomo." Ba akanipiga kibao kidogo cha paja. "Yeye msichana mzuri. Msichana mzuri hapana sema. Wewe ngoja, ile mwanaume nakuja." Na kweli, raundi ya sita kati ya saba, mlango ukafunguka, kijana ameloa mvua, ana damu kwenye paji la uso, amekuja. Ukumbi mzima ulipiga kelele. Mpaka mwaka unafika katikati nilikuwa nimeziona nyingi, na hakuna hata moja ambayo hakuja.

Nilipewa ruhusa kila baada ya wiki mbili. Nilipanda basi hadi Kwa Sadala, halafu miguu. Wanawake walikuwa wananisubiri. Tulikata majani ya ng'ombe kando ya mfereji, na mimi nikasimulia picha kuanzia mwanzo, nyimbo nikizifupisha. Walinibishia sana. Mama mmoja alikuwa anauliza kila mara, "Huyo kijana anayekimbia kutwa, ng'ombe wake wanakatiwa majani na nani?" Mwingine akasema, "Na wazee wa kijana wako wapi? Ndoa gani hiyo mtu anajiendea mwenyewe na damu usoni?" Wakacheka mpaka mizigo ikafunguka. Lakini nikifika pale pa moto walinyamaza wote, miundu imesimama. Nami nilikuwa najiona nimeelimika. Nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakijui: kwamba mwanamke akinyamaza vizuri, mambo yanakuja yenyewe.

Mmoja wa waliosimama pale kusikiliza, akijifanya anarekebisha mfereji, alikuwa Ndesario. Kwao palikuwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, cha pili kutoka chetu. Alifanya kazi kwenye miwa kule tambarare na alipanda nyumbani kama nilivyopanda mimi. Sitaandika mengi juu yake. Alikuwa na mikono yenye mikato ya miwa na hakuwa na haraka ya kusema, lakini akisema anakuwa amemaliza. Aliniambia anataka kunioa tukiwa tumesimama katika tope, nikamwambia sawa. Hakuna aliyeimba.

Sasa ili Neema na wenzake waelewe, niseme ilivyokuwa kwetu. Kijana haji mwenyewe. Wazee wake wanakuja na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na mbege hiyo inawekwa mbele ya baba wa msichana. Baba anachota kata, lakini hanywi. Anamwita binti yake na kumwuliza, mbele ya wote, kama anywe au asinywe. Akinywa, umeposwa. Yanayofuata, mbuzi, kanisa, gauni, ni kufuatisha tu. Na mbege si chai kwamba unawasha moto unaiweka. Ndizi ziivishwe darini, zichemshwe, zikae siku zake, ulezi uoteshwe, usagwe, uji upikwe, vichanganywe; na ikishaiva ni ya siku hiyo, kesho yake imechacha. Kwa hiyo mwanamke akishaanza kupika mbege, siku inajulikana, haisogezwi mbele wala nyuma.

Mwezi mmoja baada ya mvua za masika kupungua nilipewa wiki nzima ya ruhusa. Jumatano nilikwenda sokoni Kwa Sadala na Ndesario akanikuta kwenye magunia ya maharage. Akasema, "Mama ameshachemsha ndizi. Jumamosi mchana wazee watakuja kwenu." Nikasema, "Haya." Akaninunulia kipande cha muwa, yeye aliyekuwa anakata miwa kutwa, nikamcheka. Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anamenya ndizi za supu ya mtori, hakunitazama. Akasema, "Kesho usitoke. Kuna wageni wanakuja na pombe. Ni wa kwa akina Eliamani, yule fundi seremala." Nilimjua Eliamani kwa sura. Alikuwa ametengeneza mabenchi ya kanisa. Hakuwa tajiri na hakuwa na tumbo. Nikasimama pale na muwa wangu mkononi. Ningeweza kusema pale pale, "Mama, Jumamosi kuna wengine." Mama angegomba, baba angesikia, wangetuma mtu kuzuia. Mambo hayo yalikuwa yanafanyika, hayakuwa aibu kubwa. Ningeweza pia kurudi mbio sokoni kumwambia Ndesario. Sikufanya lolote. Nikaenda kulala na moyo umetulia kabisa, maana nilijua nimefika kwenye ile sehemu ya picha. Kwangu mimi moto ulikuwa bado mbali. Moto ulikuwa kanisani, miezi mingine mbele huko. Hii ilikuwa pombe tu.

Alhamisi ilinyesha. Wazee wa kwa Eliamani walikuja wanne, wakatandikiwa, wakaulizwa habari za ng'ombe, habari za kahawa, nani amekufa. Chumba kilijaa moshi na harufu ya makoti yaliyoloa. Shangazi alikuwa amekaa karibu nami akininyoosha kitambaa cha kichwa. Baba akachota kata. Baba yangu hakuwa mkali, hilo niliseme wazi. Angekuwa mkali ningepata cha kusingizia miaka yote hii. Aliishika kata kwa mikono miwili akaniita, "Nsia." Nikasema, "Abee baba." Akasema, "Hii pombe umeiona. Ninywe, nisinywe?"

Nikatazama mlango. Nje kulikuwa na mvua na migomba na njia tupu. Nilijua Ndesario yuko chini kwenye miwa, kilomita sijui ngapi, hajui kitu. Nilijua hivyo na bado nilitazama, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Baba akangoja. Mzee mmoja akakohoa. Baba akauliza mara ya pili, polepole, kama mtu anayempa mtoto nafasi: "Nsia, ninywe, nisinywe?" Sikumtazama. Nilitazama mlango kwa nguvu zangu zote, na mlango ukaingiwa na giza, mwanaume akasimama pale ameloa chapachapa, anahema, maji yanamtoka usoni. Nilinyanyuka nusu. Alikuwa Eliamani. Mtungi wa pili ulikuwa umeachwa nyuma, wabebaji wakateleza, ikabidi aubebe mwenyewe ingawa hakutakiwa kuonekana. Sote wawili tukabaki tunatazamana. Shangazi akapiga makofi kwa furaha, "Haya! Ona anavyomtazama! Mtoto ana haya tu. Kunywa, kaka!" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, nikaona mabega yake yanashuka, ametua mzigo. Akanywa.

Ndiyo hivyo. Hakukuwa na kingine. Nilingoja nisikie kitu kifuani na sikusikia, nikafikiri kitakuja baadaye, kama maumivu ya kujikata yanavyochelewa. Nikaenda kuwapakulia mtori.

Niliishi na Eliamani miaka zaidi ya hamsini. Alikuwa mume mzuri. Na hili si neno la msibani. Hakunipiga, hakulewa, alinitengenezea kabati tatu na kitanda ambacho bado hakijalia hata msumari. Na alikuwa na hadithi moja. Aliwasimulia watoto, akawasimulia wajukuu, na hata hospitalini alimsimulia muuguzi aliyembadilishia dripu: "Mimi huyu mama aliniposa yeye. Niliingia nimeloa kama kuku, akanyanyuka kunitazama mbele ya wazee, macho hivi. Tangu siku hiyo sikuwahi kuwa na wasiwasi." Muuguzi alicheka, akaniambia, "Bibi, kumbe ulikuwa mambo mabaya!" Nikamwambia amalize kazi yake. Mara nyingi nilifikiri nimweleze Eliamani. Kwanza watoto walikuwa wadogo, halafu walikuwa wakubwa. Baadaye nikaona kwamba mtu akishaezeka nyumba yake juu ya nguzo, humwendei kumwambia nguzo si ya kwake. Basi nilipokuwa naangalia hao Wakorea wakikodoleana macho, Neema anasema "Bibi, ona anavyompenda," mimi nilikuwa namtazama yule anayetazamwa. Anajuaje? Kuna mtu aliyewahi kumwuliza huyo msichana anamtazama nani?

Nilirudi mjini nikakaa kwa Mama Kishan mpaka harusi ilipokaribia. Niliendelea kwenda kwenye picha. Nilimweleza Ba kwamba nimeposwa na seremala, akafurahi, akanipa kitambaa cha njano. Hakuniuliza kama ndiye niliyemtaka. Siku ya mwisho picha ilipofika kwenye moto, ukumbi ukapiga kelele, Kishan akaamka akalia, nikatoka naye nje kwenye jua. Sikujua kama kijana alikuja. Simlaumu Ba. Yeye alikuwa ananifasiria picha, mimi ndiye niliyeibeba nikaipandisha mlimani kama vile imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kwetu. Kule kwao, angalau kwenye picha, msichana hakuulizwa. Hakuna aliyesimamisha moto na kumwambia, sema. Mimi niliulizwa mara mbili.

Lakini kabla sijarudi mjini ilikuwepo ile Jumamosi. Habari za kuposwa kwangu zilikuwa zimeshafika kwa akina Ndesario tangu Ijumaa, na Ndesario mwenyewe, alipopanda na kuambiwa njiani, aligeuka akarudi kwenye miwa bila kufika kwao. Sikumwona tena mwaka ule. Mchana nikiwa nafagia nje, mama yake akaja na mtungi kichwani. Alikuwa mwembamba, mjane, mtu wa kunyamaza kama mwanawe. Nikapiga goti kidogo, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba. Nikamtua mtungi, na harufu ikanijia, mbege iliyoiva siku hiyo hiyo. Akasema, "Nimepika nyingi, haiwezi kulala. Nawagawia majirani." Nikasema asante. Hakuondoka. Akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeulizia njia, "Mwanangu hakukuambia kwamba ni Jumamosi?"

"Aliniambia, mama."

"Na baba yako ulimwambia?"

Nikatazama ufagio. Akangoja kidogo, naye pia, kama baba alivyongoja. Halafu akafuta mikono kwenye khanga, akasema mtungi ataufuata kesho, akaondoka.

Nikaupeleka ndani. Baba alikuwa amekaa na shangazi, wana furaha bado. Nikawachotea. Baba akanywa, akairamba midomo, akachota mwenyewe kata ya pili. "Hii imeiva," akasema. "Hii inaishinda hata ile ya juzi. Ya nani?"

"Ya mama Ndesario."

"Amepika nyingi hivi! Kwani kwao kuna shughuli gani?"

"Hapana, baba," nikasema. "Hakuna shughuli."

Ilitoka kirahisi, hapana ile. Baba akaridhika, akanipa kata nami ninywe, nikanywa yote.